Makala ya Kumi na Tano

Nyumbani kwa Daktari Silvesta Onyango, mtaa wa Abu Hamour, chai haikunyweka kabla namba haijasomwa. Wengine huanza siku kwa sala, wengine kwa habari za hali ya hewa, ingawa Doha hali ya hewa haina habari: leo jua na vumbi, kesho vumbi na jua. Daktari alianza yake kwa kuteremsha miwani hadi ncha ya pua na kufungua kwenye simu ukurasa uleule alioufungua jana saa ileile.

"Kumi na nne," alitangaza.

"Bado?" aliuliza mkewe, Millicent, huku akipaka mkate siagi. Alikuwa tayari amevaa sare yake ya uuguzi.

"Bado."

"Basi kunywa chai. Itapoa kabla hiyo namba haijapanda."

Namba yenyewe ndiyo wasomi wanayopimiana urefu siku hizi. Mtu akiwa na kumi na tano, maana yake ameandika makala kumi na tano ambazo kila moja imetajwa na watafiti wengine mara kumi na tano au zaidi. Makala inasema nini, ni kweli au uongo, imemfaa nani, hayo hayamo kwenye namba. Daktari Onyango alikuwa na makala kumi na nne zilizovuka kizingiti hicho. Ya kumi na tano ilikuwa imetajwa mara tisa tu, na katika hizo tisa, nne alikuwa amejitaja mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa fizikia ya vitu vilivyoshikamana. Alichukua fuwele nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaibandika nyaya nne kwa gundi yenye unga wa fedha, akaipoza kwa baridi ambayo hata Ulaya hawaijui, kisha akatazama umeme unavyopita ndani yake. Katika makala hiyo ya kumi na tano, miaka mitatu iliyopita, alitangaza kwamba fuwele yake ikifika baridi fulani hubadili tabia ghafla: umeme uliokuwa ukipita vizuri hukwama. Alisafiri kwenda kulisema jambo hilo kwenye makongamano mawili, akapigiwa makofi katika yote mawili, na wapigaji makofi wakasahau kuitaja.

Sasa barua ilikuwa imekuja. Aliisoma mezani siku hiyo ya Februari kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo. Chuo kilikuwa kinamthamini sana Daktari Onyango, na kwa jinsi kilivyomthamini, mkataba wake ungeendelea iwapo kipimo chake kingefika kumi na tano ifikapo tarehe thelathini Aprili.

"Na kisipofika?" Millicent aliweka kisu chini.

"Mkataba unaisha Agosti. Tunafungasha."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Nyumba ilikuwa ya chuo. Karo ya Chelsea, binti yao wa miaka kumi na sita, ililipwa na chuo. Vitambulisho vya wote watatu viliandikwa chini ya jina la Silvesta, na hata kibali cha Millicent cha kufanya kazi kwenye zahanati kilining'inia hapohapo. Familia nzima ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari wenyewe ulikuwa makala ambayo watu hawaisomi.

"Dadi, mtihani wangu ni mwaka ujao," Chelsea alisema. "Siwezi kuanza mtaala mwingine saa hii, aki. Kwani hiyo makala watu hawawezi kuitaja tu?"

"Watu hawasomi."

"Si uandike kitu wanasoma?"

Daktari alikunywa chai yake. Ilikuwa imepoa kweli.

Siku hizo heshima ilimponyoka mikononi kama sabuni. Kanisani, Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, mchungaji alimtambulisha kwa wageni kama "Profesa wetu," naye hakumsahihisha, kisha baada ya ibada dereva mmoja akamfuata kwenye maegesho kumwomba dawa ya presha. Chuoni alimwendea mwenzake mwenye kipimo cha arobaini na moja, mtu aliyezoea kusalimia bila kuinua macho, akamwomba aitaje ile makala angalau mara moja kwenye kazi yake mpya. Mwenzake alimjibu kwa upole kwamba angefikiria. Akamwuliza pia kama angeweza, akitoka, kumfungia mlango.

* * *

Wokovu ulimjia akiwa amekaa kitandani bila viatu. Sebuleni kulikuwa na chama cha mkewe. Wauguzi saba wa Kikenya walikutana kila mwezi, na wale sita walimletea wa saba vyombo: mwezi huu sufuria, mwezi ujao thamosi, mpaka kila nyumba ipate seti kamili. Daktari alikuwa akikidharau chama hicho kwa miaka minne. Siku hiyo aliisikia sauti ya Millicent ikipita mlangoni.

"Sheria ni moja, madada. Ukilishwa, ulishe. Hakuna mtu anakula zamu yake halafu anapotea."

Sita wanamletea mmoja! Daktari alisimama na soksi zake. Yeye alihitaji kutajwa mara sita.

Alimpigia Daktari Nyanchama, waliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye sasa alifundisha lishe ya kuku katika chuo kimoja huko Kenya na alikuwa na kiu ya kupandishwa cheo isiyozimwa na maji.

"Yaani merigoraundi," Nyanchama alisema baada ya kuelezwa. "Ya kutajana."

"Kila mwezi sita wanamtaja mmoja."

"Na mtu wa kuku atamtaja vipi mtu wa fuwele?"

"Sentensi moja tu, mwalimu. Nani husoma sentensi zote?"

"Hilo ni kweli," alikiri Nyanchama, aliyekuwa amekagua makala nyingi za wenzake na hajawahi kumaliza hata moja.

Kufikia wiki iliyofuata watu saba walikuwa kwenye kikundi cha simu kilichoitwa Tuinuane: mtu wa fuwele, mtu wa kuku, mtu wa zege, mtu wa upele wa mbuzi, mtu wa udongo, mtu wa vyama vya ushirika na mtu mmoja aliyeandika kuhusu uongozi bila kusema wa nini. Walikubaliana kutumia majarida ya mtandaoni yanayochapisha ndani ya siku tisa na kupokea dini zote na madhehebu yote. Karatasi za zamu zilitiwa ndani ya sufuria jikoni kwa Nyanchama, wote wakitazama kwenye video, na kama ilivyo kawaida ya dunia, mwenye wazo alipata namba sita. Namba moja ilimwangukia mwenye sufuria.

"Nipe zamu yako," Daktari alimsihi baadaye wakiwa wawili. "Yangu inaangukia Julai. Mimi nitakuwa nishafukuzwa."

"Na mimi cheo changu je, bwana?"

"Nyanchama. Nina mtoto wa mtihani."

Jogoo aliwika kwenye simu. "Sawa," alisema Nyanchama. "Lakini unitaje wewe kwanza. Ile makala yangu ya kuku wa mayai. Tena si huko kwa majarida ya siku tisa. Kwa jarida lako la maana."

"Kwa fizikia?"

"Kuku hawana fizikia? Wanasimama kwa nini?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Daktari aliinama mpaka sakafuni. Katika makala yake mpya kuhusu fuwele aliandika: "Mpangilio wa chembe huathiri matokeo, jambo lililowahi kuonekana pia katika lishe ya kuku wa mayai." Aliisoma mara tatu. Alijionea haya, haya za kweli, zile za kumchoma mtu masikio akiwa peke yake chumbani. Kisha akaituma.

* * *

Machi mbegu ziliota. Mtu wa zege aliandika kwamba kupasuka kwa nguzo kulikumbusha tabia ya ghafla ya fuwele za Onyango. Mtu wa udongo alisema vivyo hivyo kuhusu mfinyanzi. Mtu wa uongozi aliandika kwamba kiongozi bora, kama fuwele ya Onyango, hubadilika wakati wa baridi, na hiyo Daktari aliipenda kwa siri.

"Imetajwa mara kumi na mbili!" Chelsea alitangaza mezani. Sasa kazi ya kusoma ilikuwa yake.

"Asante Yesu," alisema Millicent, na jioni hiyo akapika chapati. Hakujua habari za Tuinuane. Mumewe alimwambia kwamba dunia imeanza kuielewa kazi yake, na kwa sababu ndoa ni kuaminiana, aliamini.

Katikati ya shangwe hizo zilianza barua pepe za Shiru.

Shiru alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika mji mmoja wa Poland. Katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameisoma makala ya kumi na tano kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Alikuwa ameijengea masomo yake yote. Aliandika kwa adabu kwamba amerudia jaribio mara thelathini na moja, na fuwele yake haibadiliki. Umeme unapita tu. Msimamizi wake alisema ni mikono yake. "Nifundishe, Daktari, mahali ninapokosea."

Daktari hakujibu. Barua ya pili hakuijibu pia. Ya tatu aliiona Millicent, kwa sababu kompyuta ya sebuleni ilikuwa imefunguliwa kwa barua za mumewe.

"Baba Chelsea, nani huyu Shiru?"

"Mwanafunzi. Ananisumbua."

"Anauliza ulitumia gundi gani. Si umjibu tu? Gundi ni siri?"

Gundi haikuwa siri. Lakini swali hilo lilimwingia Daktari kama mwiba wa samaki. Siku ya pili, wenzake walipokwenda kula, aliitoa fuwele ya zamani kwenye kisanduku chake, akaisafisha, akabandika nyaya kwa gundi mpya, akaipoza. Mstari kwenye skrini ulishuka taratibu, ukafika kwenye baridi ile maarufu, ukapita. Haukustuka. Alirudia na kichupa cha gundi ya zamani, kilichoisha muda wake hata miaka ile mitatu iliyopita, na pale pale umeme ukakwama.

Kilichokuwa kikibadilika si fuwele. Ilikuwa gundi, inapasuka kwa baridi. Makongamano mawili, makofi ya watu mia nne na kesho ya familia yake vilikuwa vimesimama juu ya tone la gundi mbovu.

Alikaa kwenye kiti cha maabara mpaka wenzake waliporudi na harufu ya biriani. Mmoja alimwuliza kama anaumwa. Alisema ni tumbo.

* * *

Alimwambia mkewe jioni, jikoni, Millicent akikatakata sukuma wiki. Alimwambia yote, hata ya Tuinuane, hata ya kuku. Millicent aliendelea kukata mpaka mboga ikawa nyembamba kupita kiasi.

"Kazini kwetu," alisema, "ukimpa mgonjwa dawa siyo, unaandika ripoti kabla zamu haijaisha. Hata kama hajadhurika."

"Hapa hakuna mgonjwa, Mama Chelsea."

"Na huyo msichana wa Poland ni nini?"

Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Ukiandika leo kwamba ulikosea, inakuwaje?"

"Makala inaondolewa. Kipimo kinabaki kumi na nne. Agosti tunaondoka."

Chelsea alikuwa chumbani kwake akikariri kemia kwa sauti. Walimsikia wote wawili. Millicent, ambaye katika miaka kumi na tisa ya uuguzi hakuwahi kuficha hata kidonge kilichoanguka sakafuni, alifunga maji ya bomba, akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Basi ngoja," alisema. "Ngoja usaini. Ukishasaini, unamwambia. Usinifanye mwongo mbele ya Mungu, Silvesta."

Akimwita kwa jina lake, ujue jambo limekwisha. Daktari aliapa. Alijisikia mwepesi mno usiku ule, kama mtu aliyekopeshwa dhamiri bila riba.

* * *

Tarehe kumi na nane Aprili makala ya kumi na tano ilitajwa mara ya kumi na tano. Chelsea alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Millicent alimkumbatia mumewe, na Daktari akapiga picha ya skrini, akaituma kijijini, ambako hawakuelewa lakini walishangilia.

Tarehe ishirini na saba ikarudi kumi na nne.

"Imeshuka," alisema Chelsea. "Dadi, kwani inaweza kushuka?"

Ilikuwa inaweza. Kampuni inayohesabu ilikuwa imegundua kwamba jarida lililochapisha makala ya upele wa mbuzi halikuwa na mhariri wala ofisi, ikalifuta lote, na mbuzi akaenda na fuwele.

Mkuu wa Idara alimwita siku hiyohiyo. Alikuwa mzee nadhifu mwenye sauti ya chini, na mezani kwake kulikuwa na karatasi moja tu.

"Daktari Onyango. Naona unapendwa na watu wa zege."

"Utafiti siku hizi unavuka mipaka, bwana."

"Na wewe unapenda kuku."

Daktari alitazama zulia. Angeweza kulia, na hakuna aliyewahi kumwona akilia tangu mazishi ya mama yake.

"Usijali," alisema Mkuu wa Idara, si kwa ubaya. "Mimi siulizi zinatoka wapi. Nikianza kuuliza, jengo hili litabaki na wafagiaji peke yao. Nauliza ni ngapi. Alhamisi saa nane mchana nafungua ukurasa. Nikikuta kumi na tano, nasaini. Nikikuta kumi na nne, nitakuandikia barua nzuri ya sifa."

Siku tatu hizo Daktari alimsumbua kila aliyemjua. Kikundi cha Tuinuane kilimjibu kwa picha za mikono iliyounganishwa kwa maombi. Nyanchama alimkumbusha kwamba zamu yake imeliwa tayari, na ikiwa mbuzi amekufa tumboni mwake, hilo si kosa la wapishi. Jumatano jioni Millicent aliteremsha masanduku kutoka juu ya kabati. Aliyapangusa vumbi, akayaweka ukutani, akaenda kupika.

Alhamisi asubuhi hakuna aliyeuliza namba. Chelsea aliitazama kwa mazoea tu.

"Dadi. Ni kumi na tano."

Millicent alizunguka meza kuichungulia simu.

"Kumi na tano, naapa. Kuna mtu ametaja jana." Alisoma, uso ukibadilika. "Ni Shiru fulani. Inasema... inasema amejaribu kurudia matokeo yako na hayapatikani. Dadi, anasema hicho kitu hakipo!"

"Ameitaja makala yangu?"

"Jina lako liko mpaka kwa kichwa."

"Basi inahesabika," alisema Daktari Onyango, akakaa juu ya sanduku.

Ndivyo ilivyo. Mashine inayohesabu haijui kusoma. Kusifiwa ni moja, kukosolewa ni moja, na aliyekuambia umeidanganya dunia amekuongezea sawasawa na aliyekuambia umeiokoa. Daktari alisoma makala ya Shiru njiani kwenda kazini. Ilikuwa safi kuliko yake. Mwishoni palikuwa na sentensi iliyoonekana kuandikwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma ya bega la msichana: "Huenda kasoro imo katika mikono ya mwandishi wa ripoti hii."

Saa nane kamili Mkuu wa Idara alifungua ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ya kukupinga ndiyo bora kuliko zote," alisema. "Inaonyesha unazua mjadala wa kimataifa." Alisaini, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza. "Miaka miwili. Mwakani nataka kumi na sita. Mwaka wa pili, kumi na saba. Na tafadhali, zisishuke tena. Kushuka kunatuaibisha wote."

Daktari alisaini. Kalamu ikiwa bado mkononi, aliielewa hesabu ambayo mkewe hakuielewa kule jikoni: siku ya kusema haitafika. Akisema leo, ataanguka kumi na nne leo. Akisema mwakani, ataanguka mwakani. Deni hilo lilikuwa halina tarehe.

* * *

Wiki moja ilipita. Kila jioni Millicent alimtazama, naye alisema yuko na kazi nyingi, ataandika barua yenyewe akitulia. Ijumaa ya pili walifanya shukrani nyumbani baada ya ibada. Wauguzi wa chama walikuja na waume zao na sufuria zao mpya, mchungaji akakaa kiti chenye mito, dereva wa presha naye akaja. Masanduku yalikuwa yamerudi juu ya kabati. Kulikuwa na pilau, kuku, samaki aliyetoka kwa Mganda mmoja wa Umm Salal, na kiyoyozi kikiguna kama mgonjwa.

Simu ya Daktari iliita. Namba ilikuwa ya Poland.

"Pokea," alisema Millicent taratibu karibu na sikio lake. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. "Mimi nimempa namba. Nilimwambia apige leo. Umesaini, Baba Chelsea. Nenda chumbani umwambie, urudi ule chakula chako kwa amani."

Alikwenda, akafunga mlango.

"Daktari Onyango? Ni Shiru." Sauti ilikuwa changa kuliko alivyoitarajia. "Samahani kukusumbua siku ya shukrani. Mama Chelsea ameniambia mna sherehe. Hongera sana."

"Asante, Shiru."

"Sitachukua muda. Masomo yangu yamesitishwa. Narudi nyumbani Jumatano, kuna shule Othaya inataka mwalimu wa fizikia. Ni sawa tu, siyo mbaya." Alivuta pumzi. "Lakini kuna profesa mwingine hapa ghorofa ya chini. Amesema anaweza kunichukua, nianze upya na yeye, kama tu kosa halikuwa langu. Anataka mstari mmoja kutoka kwako. Nimeona nikuulize wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ni mtu wetu, hutanidanganya. Niambie tu ukweli, Daktari, sitakasirika. Ni mikono yangu?"

Sebuleni watu walicheka kwa jambo fulani, na kicheko cha Chelsea kilisikika juu ya vyote. Daktari alifumba macho. Alitaka kusema. Asidhani mtu kwamba hakutaka. Neno "gundi" lilifika mpaka kwenye meno yake, akalionja, na lilikuwa neno dogo, silabi mbili tu. Kisha aliona ukurasa, na namba, na namba ikishuka.

"Shiru, binti yangu," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwenye makongamano. "Maabara ina wenyewe. Kuna watu wamejaliwa kichwa na hawakujaliwa mikono. Si dhambi. Utakuwa mwalimu mzuri sana."

Upande wa pili karatasi ilikunjwa.

"Asante, Daktari," alisema Shiru. "Angalau sasa nimejua."

Alipofungua mlango, Millicent alikuwa amesimama mwisho wa korido, penye sebule, na taulo la mkono, akimngoja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alisemaje?"

"Ameshukuru."

Millicent aliegemea ukuta, akacheka kidogo, machozi yakamtoka. Alimshika mumewe shavu kwa kiganja kilichonukia binzari, mbele ya wageni wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao. Kisha akawatangazia watu kwamba leo atakayeomba si mchungaji. Ni mwenye nyumba. Vijiko vilitulia, vichwa vikainama, na Daktari Silvesta Onyango akaombea chakula, akamshukuru Mungu kwa kuinua wanyonge na kufunua yaliyofichika, na aliomba vizuri, tena kwa kirefu, na kila mtu akaitikia amina.